Kaka Yangu Hasubiri Tena Ng'ombe Wamalize Kuvuka

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, naishi Bweri hapa Musoma na wazazi wangu. Najua humu kuna wazazi na madereva, ndiyo maana nimeandika.

Kaka yangu alipata leseni mwaka jana, mjomba akampa gari lake, Noah, abebe abiria. Njia ya Bunda ng'ombe wanavuka muda wote. Mwanzoni kaka alikuwa anazima redio, anasimama kabisa, anasubiri mpaka mchungaji ashushe fimbo. Abiria walimcheka, "Dereva, unawahesabu?" Siku zilivyoenda akaanza kupiga honi tu na kupenya katikati, mkono mmoja dirishani. "Hawa wananijua," anasema.

Jumamosi tulitoka Bunda kwa bibi, mimi na mama, kaka akiendesha. Kabla ya njia panda ya Butiama tukakuta kundi linavuka. Mchungaji alikuwa bado ameinua fimbo. Kaka akapiga honi, akaingia kwenye uwazi. Ndama aliyekuwa ameshavuka akageuka kumfuata mama yake. Kaka akakata usukani, tukaserereka hadi ukingoni mwa mtaro. Mama akagonga uso kwenye kioo, jicho likavimba.

Mchungaji hakugomba. Aliinama dirishani akamwambia kaka, "Wewe si mgeni wa barabara hii. Mgeni angesimama."

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, si ulikuwaga unasimama?"

"Mama, nilikuwaga mwoga."

Nyumbani mama alimwambia baba ameteleza bafuni kwa bibi. Hataki kaka anyang'anywe gari, ndiyo kwanza ameanza kujitegemea. Nami nikanyamaza. Lakini leo tukila baba ametutangazia kwa furaha kwamba kuanzia Jumatatu kaka atabeba watoto wa chekechea, na mdogo wetu wa miaka mitano atapanda humo humo. Nilimwona kaka ameacha kula. Nikamfuata nje, nikamwomba amwambie baba mwenyewe.

"Mdogo wangu, ile ilikuwa bahati mbaya," akanijibu. "Mbona hata ndama sijamgusa?"

Sitaki kaka aache kuendesha. Nataka arudie kusimama, na naamini anaweza. Ila nikisema, mama ataonekana mwongo mbele ya baba. Nikinyamaza, Jumatatu asubuhi mimi ndiye nitakayemvalisha mdogo wangu viatu na kumpandisha kwenye gari lile. Wakubwa zangu, mngekuwa mimi, mngeanza kuongea na nani?