Mama Aliyekataa Kuinuliwa

Miaka michache baada ya Uhuru nilikwenda Malaba kumtunza mama mmoja wa Kiteso aliyevunjika nyonga. Mimi nilikuwa msichana wa Kimarachi, kwetu ni karibu na Bumala, na nilikuwa nimefanya kazi ya kuwasaidia wauguzi katika hospitali ya misheni: kuosha wagonjwa, kuwageuza, kuwafundisha kutembea upya. Aliyenitafuta ni mwanawe, karani wa reli huko Nakuru. Alinipokea stesheni, akanipeleka nyumbani, akanionyesha mama yake kitandani, kisha akanivuta kando ya mlango.

"Mama anapenda pombe," akaniambia. "Mimi nimeokoka, sitaki hayo mambo. Kila nikija utaniambia kama anakunywa."

Kabla sijajibu alikuwa ameshachukua kofia yake akimbilie treni. Mama alikuwa amelala akiutazama ukuta. Nilidhani amesinzia. Mguu wake ndio uliokuwa mbovu. Masikio yalikuwa mazima kabisa.

Jamani, mama yule alinisumbua kuliko wodi nzima. Siku ya kwanza nilimpikia ugali wa wimbi na muhogo, na samaki aina ya ngege aliyeletwa kutoka Port Victoria. Nikamwekea mbele.

"Kula kwanza," akasema.

Nikamega, nikala.

"Umekula upande huo. Kula na huu."

Nikala na huo. Akaniamuru nionje mchuzi, nionje mkia wa samaki, nionje kichwa. Sahani ilipokuwa nusu akamwita jirani kwa sauti amletee uji. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mgonjwa akakonda, mimi nikanenepa, na majirani waliona.

Kuoga nako kulikuwa vita. Maji ni moto mno. Sasa ni baridi. Sasa yametoka kisima kibaya, nenda kile kingine. Nikirudi na ndoo kichwani namkuta amejifunika blanketi mpaka kidevuni, anasema ameshapata usingizi. Lakini lililonikera zaidi ni kukataa kuinuka. Daktari alikuwa amesema asipoanza kukaa na kusimama, mguu utakauka vilevile, na mimi nilishaanza kuona ngozi ya mgongoni ikibadilika rangi. Nilimbembeleza asubuhi na jioni.

"Mama, weka mkono shingoni mwangu nikuinue."

"Shingo yako nimeiangalia. Haiwezi."

"Mama, nimeinua wanaume."

"Basi nenda ukawainue."

Nilitoka nje nikafua shuka ambazo hazikuwa chafu, kwa hasira tu.

Jumamosi moja walikuja marafiki zake, mama wazee watatu, pamoja na chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi ya Wateso inayonywewa kwa mirija mirefu. Nilipoingia na birika la maji moto ya kuongezea chunguni, mazungumzo yalikatika kama ameingia askari. Mimi nimelelewa kanisani. Kwetu chungu kama hicho hakikuvuka kizingiti. Harufu ilinichukiza. Nikamimina maji nitoke, na hapo ndipo nikaona jambo. Mama, ambaye mimi nilimsihi majuma mazima ainue hata mabega, alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, akajivuta mwenyewe, akaketi wima, akaufikia mrija wake.

Jumamosi iliyofuata nilikipokea chungu mlangoni nikakiweka upande wa pili wa chumba, kando ya kiti chenye mto.

"Kilete hapa!" akasema.

"Kizito, mama. Shingo yangu haiwezi."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa leso. Walijaribu kumwinua wao. Mmoja akavuta mkono, mwingine bega, mama akapiga kelele na kuwatukana kwa Kiteso. Walipomwachia alinigeukia, uso umekunjamana.

"Kuja, basi," akasema.

Akaweka mkono shingoni mwangu. Alisimama kwa mguu mmoja akitetemeka, kucha zake zimenizama begani, tukafika kwenye kiti. Hakusema asante. Alisema nimemkanyaga.

Mwanawe alikuja bila taarifa, Jumamosi vilevile, wale mama wazee wameondoka muda si mrefu. Akanusa hewa, akanifuata jikoni.

"Mama anakunywa?"

"Muulize mama."

"Nakuuliza wewe. Nani alikuleta hapa?"

"Ni wewe, bwana. Lakini ninayemwosha ni yeye. Nikimchongea leo, kesho hatanipa hata mguu niunyooshe."

Alitoka amevimba. Nikamsikia chumbani akimwuliza kama ninamtunza vizuri.

"Vibaya," mama akajibu, kwa Kiswahili, ili nisikie. "Ni mkaidi. Chumvi anamwaga tu. Na ananiburuta kama gunia."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nilitamani niitupe ukutani. Baada ya yote yale!

"Basi nitatafuta mwingine."

"Mwingine wa nini? Nianze naye wapi? Huyu nimeshamzoea." Kisha akaongeza, "Na pombe nakunywa. Hata maziwa uliyonyonya wewe ni ya mama mlevi, na umekuwa karani."

Nikairudisha sufuria yangu mekoni. Kesho yake asubuhi nilimpelekea chakula, nikaanza kumega nionje kama kawaida. Akanipiga kofi mkononi.

"Acha chakula cha watu," akasema, akala chote.

Sijui ni lini hasa aliniamini. Yeye hakuwahi kulisema, na kugombana hakukupungua. Lakini wimbi ulipovunwa alikuwa akitembea kwa mkongojo, na dada yake alipofariki upande wa Uganda tulivuka pamoja, mimi nimebeba kigoda, yeye akinilaumu kwa kila shimo la njiani. Matangani aliwaambia watu, "Huyu ni Mmarachi wangu," na hakunitafutia kiti.

Nilikaa naye mpaka nilipoposwa. Asubuhi ya kuondoka alianza mapema: sanduku langu nimelifunga vibaya, kamba imelegea, nguo zitamwagika barabarani nimwaibishe. Akanifanya nilifungue lote, nikunje upya kila kitu mbele yake, gauni kwa gauni. Nilipomaliza basi la Bumala lilikuwa limekwenda. Nikaketi juu ya sanduku nimenuna, naye akaniambia niweke maji motoni, maana sasa hatukuwa na haraka.