Mswaki Wenye Macho

Mpwa wangu Salvatory ana miaka thelathini na moja, ana ndevu, na kazi yake ni kuwa mswaki. Umesikia vizuri. Wenzake ni mafundi, wenzake ni walimu, yeye ni mswaki.

Alizaliwa Nkololo kwa dada yangu Lucy. Kilimo cha pamba kilimshinda, eti jua kali. Ng'ombe walimshinda, akapoteza wawili huku anachezea simu. Akahamia Bariadi mjini, bodaboda akaiingiza mtaroni wiki ya pili. Mtu mzima ovyo! Ndipo kampuni moja ya dawa ya meno ikapita inatafuta mtu mrefu asiye na haya. Wakampata.

Wakamvalisha sponji la bluu toka utosini hadi magotini, na macho makubwa kama sahani, na meno meupe yanayocheka hata yeye akiwa amenuna humo ndani. Wakamwita Kaka Mswaki. Anazunguka minadani na gari la matangazo. Kwanza gari linaonyesha katuni kwenye skrini: mswaki una mikono, unapiga karate, bakteria wana mapembe na meno ya kahawia, dawa ya meno inamwagwa juu ya mswaki mwanzo hadi mwisho. Kha! Nani anaweka dawa kiasi hicho? Kwangu tyubu ikiisha tunaipasua kwa wembe, tunakwangua wiki nyingine nzima. Na hilo povu la kujaa bafu! Bafu lenyewe nani analo? Upuuzi mtupu, na watu wazima wanasimama juani kuutazama.

Sasa huyu mswaki akataka kuoa. Binti ni Anna, fundi cherehani hapa Bariadi, kwao Mwanhuzi. Ana akili kuliko ukoo wetu wote. Alichokiona kwa Salvatory sijui. Mshenga nikawa mimi. Barua ya posa nikaipeleka mwenyewe, ikapokelewa, kisha nikaitwa Mwanhuzi kusikia jibu la mahari. Salvatory mwenyewe alikuwa hajakanyaga ukweni wala hajamwona mama mkwe, ndiyo desturi.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada, nikapita hapo kwanza. Nani nikamkuta? Kaka Mswaki, anatikisa makalio. Mtangazaji akapaza sauti: "Kaka Mswaki, tutafutie bakteria!" Akaingia kwenye umati, akamshika mkono mama mmoja mwenye kapu, akamburuta hadi mbele. Mama akacheka kwa aibu, meno yakaonekana: ya kahawia. Kule kila mtu anajua meno hayo yanatokana na maji ya kisima. Ukiyanywa utotoni, hata upige mswaki mpaka ufizi utoke damu, hayang'ai. Salvatory akaziba pua, akajiangusha chini kama aliyezimia. Watu wakacheka. Mama alipogeuka nikamtambua: Apolonia, mama yake Anna. Alikuwa ametoka kununua dagaa za kumpikia mgeni, na mgeni mwenyewe ni mimi.

Lo! Nikajibanza nyuma ya ng'ombe mpaka akaondoka. Saa moja baadaye nilikuwa kwake, ugali mezani. "Mwadila, mayu," nikamsalimu Kisukuma. Akaitikia huku ameziba mdomo kwa khanga. Mahari tukakubaliana. Nikarudi bila kumwambia kwamba mswaki ule ndiye mkwe wake.

Salvatory nilimsema mpaka akalia. "Mjomba, humo ndani naona kwa tundu dogo tu." Pumbavu! Tundu hilo hilo lilimtosha kuona meno ya mtu.

Kampuni nayo ikarusha video, ikaenea kwenye simu za Bariadi nzima. Anna akatuita wote wawili dukani kwake.

"Mama hajui kama ni wewe," akamwambia Salvatory. "Ila tangu siku ile hacheki. Hata akiongea na mimi anaziba mdomo. Kwa nini ulimchagua yeye?"

"Niliambiwa nitafute mwenye meno mabaya."

Anna ana meno yale yale ya mama yake. "Kwa hiyo ningekuwepo mimi, ungenivuta mimi."

Miaka miwili jamaa anamwimbia binti wa watu kwamba ni mzuri, na leo neno moja limemshinda.

"Basi," akasema Anna. "Posa yenu mkaichukue."

Nikaona niingilie kiutu uzima. "Anna mwanangu, huyu ni mjinga, sote tunajua. Usivunje undugu kwa sababu ya mjinga mmoja. Sisi wazee jambo hili limetuumiza sana..."

"Limewaumiza?"

Akanigeuzia simu, akaiacha icheze. Mama yupo na kapu lake. Mswaki umelala chini, miguu juu. Nyuma yao kuna mzee anacheka mpaka kofia inamdondoka, anainama kuiokota, anainuka, anacheka tena.

"Kisha ukaenda kula kwake," akasema Anna.

Kofia yenyewe nilikuwa nimeivaa.