Mama Mavi wa Soweto West

Kule Soweto West, Kibera, Katunge anaitwa Mama Mavi, na anaitika. Ukimwita hivyo kwa dharau anakukazia macho mpaka unaanza kujishuku mwenyewe. Ukimwita kwa utani anakujibu, "Niko, sema." Kazi yake ni usaisi: anatunza farasi katika zizi moja ng'ambo ya msitu, upande wa Barabara ya Ngong. Kila asubuhi anapita Ayany, anaambaa ukingo wa msitu, gambuti zake za mpira mkononi. Jioni anarudi akinuka farasi, na majirani wanaoishi juu ya mtaro wa maji taka wanamzibia pua. Hebu niambie, pale nani wa kumzibia mwenzake pua?

Hakuzaliwa akijua farasi. Kwao ni Kitui, amekulia kwa mbuzi na punda. Alipokuja Nairobi na kuolewa na Musyoka, fundi wa viatu, kibarua chake cha kwanza kilikuwa kuzoa samadi pale zizini na kuijaza magunia ya wakulima wa mboga. Miaka miwili alizoa, na hakuna aliyemjua jina. Lakini mwenye macho hajifunzi shuleni tu. Katunge akayajua mavi ya farasi mzima, mabonge ya duara yanayopasuka yakianguka chini. Akayajua ya farasi asiyekunywa maji, madogo na makavu. Na akajua jambo ambalo masaisi wa miaka ishirini hawakulijali kamwe: farasi mwenye afya hutupa mavi mara nane, mara kumi, hata zaidi kwa siku. Akitupa mara mbili tu kuna shida, hata kama bado anakuangalia vizuri.

Nafasi ya usaisi ilipotokea, akaiomba. Walimcheka mpaka wakakaa chini. Saisi mkuu, Osewe, mzee wa Kabiro kule Kawangware aliyezeeka na farasi, akapangusa machozi ya kicheko na kusema, "Yawa! Mama, hawa watakukanyaga."

"Wakinikanyaga ni mguu wangu, mzee, si wako," akajibu Katunge.

Akapewa kazi. Na kuanzia siku hiyo akawa anachora chaki nyuma ya mlango wa kila farasi wake, mstari mmoja kwa kila rundo la mavi. Jina la Mama Mavi lilizaliwa pale, likavuka msitu pamoja naye, likafika nyumbani kabla hajavua gambuti.

Zizi lile lina meneja, Bwana Naftaly, mtu wa shati lililopigwa pasi na sheria zisizoisha. Sheria aliyoipenda kuliko zote ni hii: hakuna saisi kumwita daktari wa mifugo bila ruhusa yake. Ati masaisi wana wasiwasi mwingi. Basi sheria hiyo ndiyo iliyomuua Zabibu.

Zabibu alikuwa farasi mzee mweupe, wa kwanza kukabidhiwa Katunge. Mchana mmoja akashikwa na tumbo. Masaisi husema hivyo tu, "ana tumbo," kana kwamba wengine hawana. Lakini tumbo la farasi si mchezo, maana farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia, na kikikwama hakirudi juu. Siku hiyo walifanya mambo yaliyofanywa tangu enzi za wazungu: wakamtembeza Zabibu kuzunguka uwanja, wakamnywesha mafuta ya kupikia na magadi kwa chupa ya soda, wakangoja. Saa kumi hivi akatulia. Osewe akasema amepona. Meneja akasema daktari wa nini tena, kila mtu aende kwake. Katunge alijua nyuma ya mlango kuna mstari mmoja tu wa chaki tangu asubuhi, na moyo ulimwambia abaki. Akatii, akaenda nyumbani. Kesho yake alimkuta Zabibu amelala ubavu, tumbo limefura, miguu imekakamaa.

Ndipo daktari akaja, kupasua mzoga. Alikuwa mwanamke, Trizah, mwenye maneno machache. Alimwita Katunge karibu na kumwonyesha tumbo lililochanika.

"Walikwambia alitulia?"

"Ndiyo, daktari."

"Hapo ndipo lilipopasuka. Lilikuwa limevutika, likachanika, maumivu yakapungua. Mkafikiri amepona." Akaandika nambari yake ya simu kwenye kipande cha gunia la chakula. "Siku nyingine nipigie wewe mwenyewe. Mimi sitauliza ruhusa ni ya nani."

Na meneja je? Meneja alimwamuru Katunge aandike barua ya kujieleza. Ati farasi amekufa mikononi mwake, si kwa mwingine! Katunge akaandika, kwa mkono wake, kwamba alifanya alivyoambiwa. Akatia sahihi, barua ikafungiwa kwenye faili. Alilia njia nzima ya msitu siku hiyo. Hakulilia barua kuwa ya uongo. Alilia kwa sababu kila neno ndani yake lilikuwa kweli. Alifika kwake akamwambia Musyoka, "Sitaandika ingine kama hiyo. Wanifute kazi, sawa, lakini sitaandika."

"Usiseme hivyo, kodi ya nyumba haijui mambo ya farasi," alisema Musyoka.

"Basi ijue."

Ile nambari aliihamishia nyuma ya mlango wa chumba cha Simsim, kwa wino usiofutika.

Simsim ni jike la rangi ya kahawia, jeuri, mwenye tabia ya kupekua mifuko ya watu. Jumapili moja mwaka jana Katunge alifika kazini baada ya siku yake moja ya kupumzika. Akamsogezea Simsim mfuko wa koti kama kawaida, Simsim asiutazame. Chumba kilikuwa kimefagiliwa kikang'aa. Nyuma ya mlango, Jumamosi haikuwa na hata mstari mmoja wa chaki.

"Mzee Osewe, huyu jana alitupa mavi mara ngapi?"

"Mimi ni karani wa mavi?" akajibu Osewe, na wenzake wakacheka.

Saa nne Simsim akaanza kuparura sakafu. Akageuza shingo na kuangalia ubavu wake kama mtu anayesikia anaitwa. Akalala, akainuka, akalala tena, jasho likimtoka shingoni. Katunge akabandika sikio kwenye ubavu. Tumbo la farasi mzima hunguruma mchana kutwa kama sufuria ya githeri inayochemka, lakini la Simsim lilikuwa kimya. Akaweka vidole chini ya taya, mahali mshipa unapopiga, akaangalia saa. Farasi aliyetulia hafikishi mapigo arobaini na tano kwa dakika. Simsim alikuwa na sitini na nane. Ufizi, badala ya kuwa wa waridi, ulikuwa umeiva wekundu mbaya.

Akampigia meneja. Mteja hapatikani. Akapiga tena na tena, ni yule dada wa kwenye simu tu anayemwambia ajaribu baadaye. Baadaye gani? Baadaye ya Zabibu? Katunge akageuka, akasoma nambari iliyo nyuma ya mlango, akapiga.

"Nakuja," akasema Daktari Trizah. "Toa chakula chote. Na usikubali apewe kitu chochote kwa mdomo. Chochote, umenisikia?"

Alipokata simu alimwona Osewe anakuja na chupa ya soda iliyojaa mafuta na magadi.

"Mshike kichwa," akasema Osewe.

"Daktari amekataa."

Osewe akasimama. "Daktari gani? Nani amemwita?"

"Mimi."

"Katunge! Unajua utafutwa? Na mimi nitafutwa juu yako! Hii dawa nimewapa farasi wewe ukiwa bado unachunga mbuzi Ukambani."

"Na Zabibu ulimpa."

Osewe akajaribu kupita. Katunge akaichukua ile chupa mkononi mwake, polepole, bila fujo, akaigeuza ikamwagika yote kwenye majani. Akarudi mlangoni akasimama katikati, mikono kiunoni. Mwanamke mfupi, jamani, huyu Katunge, hata kichwa hakifiki begani mwa farasi. Lakini siku hiyo mlango ulijaa.

"Kama ni kunifuta nifuteni. Mlangoni sitoki."

Masaisi wengine wakaja kutazama. Mmoja akasema mama amepagawa. Na hapo hapo, nyuma ya Katunge, Simsim akaacha kuparura. Akasimama, kichwa chini, kimya kabisa.

"Si umeona?" akasema Osewe, sauti imepata nguvu. "Ametulia. Mpigie huyo daktari arudi zake kabla bosi hajasikia."

 Kutulia ndiko Katunge alikokuogopa kuliko teke, kuliko jasho, kuliko kila kitu. Akaingia ndani, akaweka tena vidole chini ya taya. Mapigo sabini na mawili. 

"Zabibu pia alitulia, mzee," akasema. "Hakuna mtu atanidanganya na kutulia tena. Daktari anakuja, na nyinyi nyote mtamngojea pamoja na mimi."

Daktari Trizah alifika akakuta masaisi wote bado wamesimama pale. Alimpima Simsim, akapaka mafuta mpira mrefu na kuupitisha puani, taratibu, mpaka tumboni. Akavuta mara moja. Weee! Maji ya kijani yakaruka kwa nguvu, yananuka uchachu, yakajaza ndoo ya kwanza, wakaleta ya pili, na ndani yake mabonge ya kitu kama uji ulioganda. Simsim akashusha pumzi ndefu mpaka mbavu zikaonekana.

"Hili tumbo lilikuwa linakaribia kupasuka," daktari akasema. "Mngeongeza hata chupa moja juu yake, sasa tungekuwa tunachimba shimo. Jana alikula nini?"

 Kila mtu akaangalia viatu vyake. Kisha Osewe akavua kofia.

"Pumba," akasema. "Kavu. Kulikuwa na haraka ya wageni, sikuiloweka, imevimbia tumboni. Ni mimi." Akamgeukia Katunge. "Mama, ni mimi."

Katunge alikuwa ameandaa matusi ya Kikamba ya kutosha. Akayameza. "Shika ndoo, mzee," akamwambia, na Osewe akaishika.

Daktari aliosha tumbo lile mara nyingi, akachoma sindano ya maumivu, akatundika maji ya mshipani juu ya boriti. Kabla ya kuondoka alisema wazi kwamba hajashinda bado. Simsim asipotupa mavi kufikia kesho asubuhi, basi kuna kitu kimejisokota chini, na hapo itabidi apasuliwe, jambo ambalo farasi wengi hawalivuki. Katunge hakurudi Soweto West siku hiyo. Musyoka alimletea chai kwenye chupa, akamtazama akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akiangalia matako ya farasi, akatikisa kichwa. Hakusema lolote kuhusu kodi.

Jumatatu, saa moja kasoro dakika kumi, Simsim akainua mkia.

Ukiona watu wazima wanashangilia mavi utadhani wamerogwa. Osewe alipiga kelele mpaka ndege wakaruka mitini. Katunge alipiga magoti kwenye majani, akayagusa kwa mkono mtupu, yana joto, laini kidogo, mabonge sita. "Asante Mwiai, Mungu wangu," akasema, na machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. Kisha akachukua chaki.

Saa mbili meneja aliingia na shati lake la pasi. Habari alikuwa ameshazipata, maana domo halina likizo. Hakupitia kwa Simsim. Alituma mtu amwambie Katunge alete ofisini, kabla ya saa tatu, barua ya kujieleza kwa nini alimwita daktari bila ruhusa.

Saa tatu kasorobo Katunge akaingia bila kubisha. Alikuwa na ndoo. Akaiweka mezani, katikati ya makaratasi ya meneja, na harufu ikajaa ile ofisi mpaka kwenye pembe.

Bwana Naftaly akarudi nyuma na kiti. "Ni nini hii?"

"Barua."

"Katunge, una kichaa? Toa hiyo kitu hapa!"

"Isome kwanza, bosi." Hakupaza sauti. "Ile siku ya Zabibu uliniambia niende nyumbani, nikaenda. Ukaniambia niandike, nikaandika. Hiyo barua ni nzuri sana, iko kwa hiyo faili yako, na Zabibu yuko chini ya udongo. Jana sikuomba ruhusa. Hii hapa ndiyo Simsim ameandika mwenyewe leo asubuhi. Ukitaka kunifuta, nifute, lakini iweke kwa faili, kando ya ile yangu."

 Mlangoni Osewe alikuwa amesimama, kofia mkononi, na nyuma yake masaisi wote, na hakuna hata mmoja aliyeziba pua. Bwana Naftaly akainuka akafungua dirisha. Akabaki pale amewapa mgongo, kana kwamba huko nje kuna jambo.

Katunge akangoja. 

"Basi niende, nina farasi wanaoningoja," akasema. "Ndoo nitaijia saa sita."