Sabuni ya Nguo za Nyuki

Nyuma ya nyumba ya Antipasi hapaungui kitu tena. Mafiga matatu bado yapo, meusi, na pipa limelala ubavu, kuku wanatagia ndani. Upepo wa Juni unapita hapo kama mtu aliyefukuzwa kwao. Zamani upepo huo ulituletea moshi wa mabua ya alizeti na harufu nzito ya mafuta yanayochemka, nasi tukajua Scholastika ameamka. Siku hizi unakuja na vumbi tu. Hakuna aliyelalamika, wala sijasikia mtu wa kijiji chetu cha Mgori akisema kwamba amemkumbuka.

Scholastika ni dada mkubwa wa Antipasi. Aliolewa Ikungi, akakaa huko miaka bila kupata mtoto, akarudi na sanduku moja na ulimi mkali kuliko ule alioondoka nao. Antipasi alikuwa hajaoa. Akampa chumba cha uani na eneo la nyuma ya nyumba. Kwetu mwanamke aliyerudi hupewa chumba, lakini neno hapewi. Atachota maji, atalea watoto wa wengine, na mambo ya mji wa kwao yataamuliwa kana kwamba hayupo. Scholastika alilijua hilo, na alilichukia kama wengine wanavyochukia njaa. Ndiyo maana akapika sabuni.

Alichoma mabua ya alizeti baada ya mavuno, akatia majivu kwenye ndoo iliyotobolewa chini, akayamwagia maji kidogo kidogo. Maji yaliyochuruzika yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa na makali ya kubabua ngozi. Aliyapima kwa unyoya wa kuku: ukiyeyuka, yako tayari. Kisha aliyachemsha pamoja na mafuta mazito yanayobaki chini ya mapipa kwenye mashine ya kukamua alizeti, akikoroga kwa mwiko mrefu huku akitukana kuni, kuku, na yeyote aliyepita njiani. Mwishoni alitia chumvi, sabuni ikashikamana, akaikata mabonge ya kahawia. Siku alizokuwa na hasira, nazo zilikuwa nyingi, hakusubiri ipoe vizuri, na sabuni ya siku hizo ilichubua mikono. Povu lake lilikuwa dogo. Shuka nyeupe ilitoka na rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Sabuni ya dukani ilikuwa bora kuliko yake karibu katika kila kitu. Afadhali lisemwe mapema.

Isipokuwa kwa nyuki. Nyuki wa msitu wetu hawavumilii manukato. Anayepanda mtini akinukia maua wanamwendea kabla hajagusa mzinga. Kwa hiyo wanaume wote wanaorina asali walikuwa wakimpelekea Scholastika nguo zao za msituni kabla ya msimu, zile ovaroli ngumu zenye nta, naye akazifua kwa sabuni yake na kuzitundika juu ya moshi mpaka zinuke kama mti uliokauka. Mke wa mtu angefua mashuka na nguo za kanisani. Nguo za nyuki hakuzigusa. Na wanaume wazima, wenye ng'ombe na watoto wa kuozesha, walikuja wakasimama mlangoni kwa mwanamke aliyerudi, wakasema, "Shikamoo dada," wakangoja mpaka apate nafasi ya kuwaitikia. Neno alilokuwa nalo lilikuwa hilo.

Kisha Antipasi akaoa.

Janeth alitoka Singida mjini, ambako aliuza kwenye duka la Ladha, mzee wa Kihindi mwenye bidhaa za jumla karibu na soko. Alikuja na nguo zake na katoni za sabuni, mtaji wa kuanzia, akafungua kibanda mbele ya nyumba. Sasa mji mmoja ukawa na sabuni mbili. Ya mbele ilikuwa imefungwa kwenye karatasi yenye picha ya maua. Ya nyuma ililetwa mkononi, ikiwa imefungwa kwenye ganda la hindi.

"Shikamoo wifi," Janeth alisema siku ya kwanza, akipiga goti.

Scholastika alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Goti hilo limefundishwa wapi? Dukani?"

Hakusema marahaba. Hakuisema siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na baada ya mwaka Janeth akaacha kumwamkia. Kwetu hilo ni jambo kubwa. Watu huachana kwa matusi na kesho yake wakaamkiana. Hawa wawili waliishi kwenye uwanja mmoja kama mawe mawili.

Ila walipokuwa na watu wa kuwasikia, walisema.

"Wifi," Janeth angeita kutoka kibandani, wanawake wakiwa wamekuja kununua chumvi, "hiyo yako ni ya kufulia au ya kuulia panya?"

"Ya panya iko hapo mbele yako, imechorwa maua."

"Mume wangu siku hizi analala kwenye shuka zinazonukia. Zamani sijui alikuwa analala kwenye nini."

"Alikuwa analala. Siku hizi anapiga chafya."

Wanawake walicheka, wakanunua sabuni ya Janeth. Mwaka wa kwanza walinunua kwa aibu, wakiificha ndani ya kanga. Mwaka wa pili waliacha kuificha. Mabonge ya Scholastika yalikauka kwenye kichanja yakapasuka, na mwishowe wakabaki wanaume wa nyuki peke yao. Hapo ndipo alipozidi kuwa mkali. Aliyebakiwa na kitu kimoja hukishika kwa meno.

Antipasi alikuwa mtu wa amani. Alicheka utani wa mkewe, akageuka akacheka wa dada yake. Alidhani ni utani.

Msimu uliofuata upepo ulikuwa wa baridi sana, na Antipasi alipepeta alizeti siku nzima akapata mafua yaliyomziba pua kabisa. Aliiacha ovaroli yake chumbani, akikusudia kumpelekea dada yake. Janeth akaiona. Ilikuwa nyeusi, ngumu, ukiisimamisha inasimama. Aliwahi kuuliza kwa nini hairuhusiwi kuifua, akajibiwa na mumewe, "Hizo ni za dada," basi. Hakuna aliyempa sababu, kwa kuwa kila mtu alidhani ameshaambiwa. Yeye alielewa kwamba ni kiburi cha wifi kimepewa cheo. Akaitia kwenye beseni, akamwaga sabuni ya unga, akasugua mpaka viganja vikauma. Akabadilisha maji, akasugua tena. Ilipokauka kwenye kamba ilikuwa na rangi ambayo hata aliyeishona aliisahau.

Scholastika alitoka chumbani kwake na harufu ikamkuta mlangoni. Ilikuwa imejaa uwanja mzima, tamu, kama harusi. Alisimama mbele ya kamba. Janeth alikuja akasimama pembeni yake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu walikuwa karibu kiasi cha kugusana mabega.

"Tazama, wifi," Janeth akasema. "Miaka yote uliifua ikabaki nyeusi. Mimi nimeifua mara moja."

Scholastika alishika ukosi wa ovaroli, akauachia.

"Umefua vizuri," akasema.

Janeth alifikiri ameshinda. Aliikunja nguo, akaitia kwenye kiroba, akaufunga mdomo wa kiroba kwa kamba. Hakumwambia mumewe kitu. Alitaka akaione mwenyewe msituni, mbele ya wenzake.

Alasiri Antipasi alikikuta kiroba kimeshafungwa, akadhani ni kazi ya dada yake, akapita nyuma ya nyumba nacho begani. Dada yake alikuwa anakoroga.

"Asante kwa nguo, dada," alisema, sauti ikitokea puani.

Mwiko ulizunguka pipa. Scholastika alikuwa na nafasi ya kutosha kumwambia. Antipasi alisimama hapo akapenga kamasi, akarekebisha kamba ya kiroba, akatazama jua.

"Haya," Scholastika akasema. "Nenda."

Yaliyofuata tuliyasikia kwa Hezekia, aliyekuwa anarina naye. Antipasi alifungua kiroba akacheka, akasema, "Dada mwaka huu kafua kama wa mjini." Hezekia alikuwa chini na bomba la moshi, hakunusa kitu zaidi ya moshi. Antipasi alipanda mtini, na alikuwa hajaufikia mzinga pale nyuki walipotoka. Hawakutawanyika. Walikuja kwenye ukosi na kwenye mikono, palipokuwa na mishono, wakaingia ndani. Alivua chandarua cha uso kwa sababu walikuwa tayari wamo humo pamoja naye. Kisha akaachia tawi.

Hakufa. Hezekia alimfunika kwa magunia na moshi, akamtoa kwa pikipiki, akapelekwa hospitali mjini. Nyonga ilivunjika na jicho moja likabaki na ukungu. Aliporudi alikuwa na magongo, na wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa.

Walikuwa wanamjadili Janeth. Mama wadogo wa Antipasi hawakumung'unya maneno. "Muuza manukato." "Ameoga hela za mtoto wetu, sasa amemwogesha sumu." Mmoja alimwambia afunge katoni zake arudi kwa Mhindi wake. Janeth alikaa chini ukutani, viganja vimefunguka mapajani kama aliyeombwa avionyeshe. Scholastika alikuwa ameketi kwenye kigoda, kati ya wakubwa. Kwa mara ya kwanza alikuwa amewekewa kiti mambo ya mji yakizungumzwa.

"Niliwaambia," alisema. "Huyu ni wa maduka."

Janeth akainua kichwa. "Wifi, si uliiona kwenye kamba? Uliishika ukosi. Ukaniambia nimefua vizuri."

Antipasi, aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka, aligeuza jicho lake zima.

"Dada. Ulinusa?"

Angeweza kukana. Sisi tuliokuwepo tulikuwa tayari kumwamini. Janeth hakuwa na shahidi. Lakini Scholastika hakuwa mwongo, na nadhani kiburi chake kilikuwa kirefu kuliko woga wake.

"Nilinusa."

"Nikakushukuru."

"Ukanishukuru kwa kazi ya mkeo. Nilitaka urudi umevimba midomo, umwambie mwenyewe sabuni yake ni ya nini. Sikukwambia uachie tawi."

 

"Janeth alifua asichokijua," Antipasi akasema taratibu. "Wewe ulijua, ukaniambia nenda." Alitafuta gongo, akaliweka karibu na mkono, kama mtu anayejiandaa kusimama, lakini hakusimama. "Kesho usiwashe moto hapa."

Scholastika alinyanyuka. Alipofika mlangoni alimgeukia Janeth. "Nyonga hiyo ni mimi na wewe," alisema. "Mimi naondoka. Wewe utaiogesha."

Kabla hajaondoka alipindua pipa. Sabuni ilimwagika kwenye mchanga, ikaganda hapo, na mvua za kwanza zilipokuja eneo hilo lilitoa povu dogo, la kijivu. Hakuna aliyemsindikiza hadi barabarani. Hata wale wanaume wa shikamoo dada hawakutokea.

Msimu uliofuata Hezekia alifua nguo zake kwa maji matupu na kuzitundika jikoni juu ya moshi. Nyuki hawakumfanya kitu. Wengine wakamwiga. Ikaonekana kwamba moshi peke yake ulitosha muda wote huo, na huenda sabuni ya Scholastika haikuwa na kazi yoyote. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Janeth bado anauza mbele ya nyumba, lakini sabuni ya unga haiweki tena. Anauza miche mikavu ya sabuni isiyo na harufu, anaikata vipande kwa kisu. Antipasi anakaa kibandani, anapokea wateja kwa jicho moja.

Scholastika yuko Nduguti, kule Mkalama. Anapiga deki kwenye ofisi mpya za wilaya, kwa sabuni ya unga anayopewa na msimamizi.