Gogo Alilonyimwa Hadil

Bi Umulkheir wa Chundwa alikuwa na jicho la kupimia. Leso ya Hadil, mke mwenziwe, akiijua bei kabla haijafunuliwa, na samaki aliyeingia jikoni mwa mwenziwe akimlinganisha na wake, kichwa kwa kichwa, mkia kwa mkia. Bakr, mume wao, kwa kuuogopa ulimi huo, aligawa shamba kwa uzi: safu ya minazi michanga huku, safu kule.

Sasa ya Hadil imesimama wima. Ya Umulkheir makuti yamekatwakatwa kama kwa mkasi, na mmoja umeoza moyo. Ni chonga, mdudu mweusi mwenye pembe, atoboaye kilele cha mnazi mchanga akanywa utamu wake.

"Hata chonga ana upendeleo!" alimwambia Bakr. "Ajua nyumba ya kipenzi."

"Chonga hajui nyumba, Umulkheir."

"Basi nani kamwonyesha ndia?"

Bakr akavaa makubadhi akaenda zake.

Kukosa nazi hakukumuuma Umulkheir. Kilichomuuma ni kule kujiona mlangoni kwa Hadil, kibakuli mkononi, akiomba nazi ya tui.

Ndipo Hadil akaja mwenyewe na waya uliopindwa ncha. Akautia kwenye tundu la mnazi, akavuta, chonga akatoka akipiga miguu.

"Huyu ni mmoja, dada. Wenziwe wazaliwa kwenye miti iliyooza. Mimi kwangu nachoma kila kigogo. Lile gogo lako je?"

Gogo lile la mnazi mzee Hadil aliliomba kuni alipokuja bi harusi, na Umulkheir akajibu ana kazi nalo. Hakuwa na kazi nalo. Alilifunika makuti kando ya ua, akalilinda kama sanduku la dhahabu, mradi mwenziwe asilipate.

Alichukua shoka mwenyewe. Pigo la kwanza tu gogo likafumuka kama mkate uliorowa, na funza weupe, wana wa chonga, wanene kama vidole gumba, wakamwagika miguuni pake.

Kabla hajawaita kuku wake, wa Hadil walikwisha ruka ua, wakaanza karamu.

Umulkheir aliinua shoka kuwafukuza. Akaitazama minazi yake. Akalishusha.

"Waache wale," alisema. "Lakini wakitaga, Hadil, mayai nusu kwa nusu!"

"Na kuni, dada?"

"Chukua kuni zako. Na huo waya uwache hapa."