Mambo Aliyoyatafuta Adrisi

Eda ni eda, na Shadiah hakuwa mtu wa kubishana na dini. Alikaa chumbani mwake Walukuba, mjini Jinja, pazia mlangoni, akimwombea mumewe Adrisi, ambaye figo zilimwondoa angali kijana. Kukaa ndani aliweza. Kilichomkaba roho ni kwamba hata mawazo yake hayakuwa na pa kujificha, na kwa muda mrefu hakujua anayeyachungulia ni nani.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Aliifanya na Adrisi tangu walipokutana Mbale, kwao Shadiah, yeye akichora na mwenzake akiandika programu. Usimsifie Shadiah zile tovuti za siku hizi, picha kubwa juu na visanduku vitatu chini, zote zimefanana kama sare za shule. Atakununia. Sasa alikuwa akiwatengenezea ukurasa akina mama wa Kinubi wanaosuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi, na ukurasa wake ulifunguka kwa kuzunguka kutoka katikati, jinsi tabaga yenyewe inavyosukwa. Rafiki yake Beldina, mwenye ofisi ndogo ya tovuti kule Mbale, alipouona alimpigia simu palepale. "Eda ikiisha njoo. Meza yako ipo."

Basi Shadiah akaanza kutafuta chumba cha kupanga Mbale. Alitafutia kwenye kompyuta ya marehemu, katika kivinjari ambamo akaunti ya Adrisi ilikuwa bado imefunguliwa. Kesho yake Mama Sofia, mama mkwe wake, alimletea uji, akakaa kitako.

"Mwanangu, wanasema vyumba vya Mbale vina shida ya maji siku hizi. Kweli?"

Kijiko kilibaki mkononi. Shadiah hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za chumba.

Juma lililofuata alitafuta kama mjane anaweza kulazimishwa kuolewa na ndugu wa mumewe. Jioni ileile Sebit, mdogo wake Adrisi, alikohoa nje ya pazia kwa adabu zake zote.

"Shemeji, hapa hakuna wa kukulazimisha. Sisi tunangoja tu."

Heri angemtukana. Shadiah aliirudia kompyuta, akafungua historia ya kivinjari, na humo, katikati ya kurasa zake, akakuta matokeo ya mpira na bei za matairi ya pikipiki. Kumbe Mama Sofia alishampa Sebit simu ya marehemu, nayo ilikuwa kwenye akaunti hiyohiyo. Alichofungua huyu, yule alikiona. Fundi mzima, anayewahubiria wateja usiri wa mtandaoni kutwa kucha, na jambo la chumbani kwake limempita hivihivi. Alijichukia.

Abadilishe neno la siri? Hakulijua, na namba ya kuthibitisha ingetumwa kwenye simu ileile iliyo mfukoni mwa Sebit. Alijaribu dirisha la faragha, lile lisiloacha kumbukumbu. Hazikupita siku nyingi Mama Sofia akaja na uji wake.

"Mbona umekuwa kimya? Unatuficha nini?"

Utasema, si angetoka tu kwenye akaunti yakaisha? Angetoka, kompyuta ingekuwa tupu, na kila kitu kingebaki kwa Sebit. Na humo ndani, bwana, mlikuwa na Adrisi. Shadiah aligusa herufi K siku moja, kivinjari kikamletea alichotafuta mumewe zamani: kumfurahisha mke aliyenuna. Alicheka mpaka akalia. Adrisi, aliyekuwa akijifanya hajali akinuniwa, kumbe alikuwa akikimbilia kuuliza mtandaoni. Akagusa S, ikaja simsim tamu kama ya Mbale, Jinja inauzwa wapi. Akagusa Z, ikaja zambarau, kitenge bei gani. Tangu hapo kila siku alijiruhusu herufi moja tu, asimmalize upesi.

Ndipo zawadi zikaanza. Sebit alimpa mama yake kifurushi, kikapitishwa chini ya pazia: simsim, ule ufuta uliofinyangwa na sukari, vilevile Shadiah anavyoipenda. Baadaye kikaja kitenge cha zambarau, "cha eda ikiisha." Halafu siku moja, Shadiah alipokuwa amemjibu Mama Sofia kwa ukali, Sebit akasema polepole kutoka nje, "Mwacheni apumzike kwanza. Kisha apewe chai ya tangawizi, sukari kidogo."

Na tuseme ukweli, moyo ulilegea. Alikunywa ile chai akijiuliza, pengine kubaki hapa si kufa. Huyu mtu ananijua. Alikaa na wazo hilo mchana kutwa, na simu ya Beldina hakuipokea.

Alasiri aligusa herufi T. Tangawizi, chai ya mke mwenye hasira, sukari kiasi gani.

Shadiah aliisukuma kompyuta kama imemuunguza. Simsim, kitenge, chai, vyote vimo humu. Mwanamume yule alikuwa akimposa kwa mapenzi ya kaka yake, anayasoma moja moja na kuyapitisha chini ya pazia. Na kadiri Adrisi anavyoendelea kukaa humu, ndivyo Sebit atakavyozidi kupata la kuleta, na iko siku yeye atachoka na kukubali.

Akafungua sehemu ya kufuta. Yote, tangu mwanzo. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, maana yatafutika katika vifaa vyote. Hakika hakuwa nayo. Alibonyeza hivyohivyo, kisha akalia kwa sauti, na Mama Sofia huko jikoni akadhani ni msiba wa kawaida, akamwacha alie.

Asubuhi viatu vya Sebit vilisimama nje ya pazia.

"Shemeji, kaka hayumo tena kwenye simu."

"Nimemfuta."

"Umemfuta," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa mara ya pili. "Sasa mimi nitajuaje unachopenda?"

"Ungeniuliza."

Shadiah alisubiri. Alisikia viatu vikisogea, vikisita, vikisogea tena. Sebit hakuuliza.