Mashine Iliyotupumzisha

Maji ya nazi yakimwagika kwenye mchanga wa moto yana harufu yake, tamu yenye uchachu kwa mbali. Kwetu Bofu, Likoni, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa harusi yenyewe, kabla ya ngoma, kabla ya udi, kabla bibi harusi hajapakwa hina. Uani kukinuka maji ya nazi mchana kutwa, mtaa mzima ulijua pana shughuli, na kila mwanamke alijua kama yumo au hayumo. Mimi leo kazi yangu ni kubuni majiko ya nyumba za watu. Shule niliiachia darasa la tano, sina cheti hata cha kufungia vitumbua, na bado nimechora majiko Nyali katika nyumba ambazo wenyewe wametundika vyeti ukuta mzima. Kwa hiyo nikisema juu ya vyombo, nasema ninachokijua. Na ninachosema ni kwamba wabunifu wa siku hizi wananichosha. Kila kitu wanachokuja nacho kina sifa moja tu: kitakupunguzia kazi. Hakuna hata mmoja anayeuliza kazi yenyewe ilikuwa inawafanyia watu nini.

Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Ni kibao cha kukalia, kinakunjika kama marufaa ya kuwekea msahafu, na mbele kina ulimi wa chuma wenye meno. Aliyekibuni hatumjui, lakini akili alikuwa nayo. Ukikikalia uko karibu na ardhi, tajiri na maskini mko kimo kimoja. Macho lazima yatazame nazi, la sivyo utajikwangua vidole. Mikono ina shughuli. Kilichobaki huru ni mdomo. Neno zito halisemeki watu wakikaziana macho. Lataka macho yawe chini na mikono iwe kazini. Wazee wetu walilijua hilo. Siku ya kukuna nazi za harusi wanawake waliitwa nyumba kwa nyumba, kila mmoja akaja na mbuzi yake kwapani, na mtaani kwetu ilikuwa desturi kwamba wawili walionuniana huketishwa uso kwa uso, sinia moja katikati yao. Hawasemeshwi wala hawapatanishwi. Wanakuna tu, nazi ya huyu inadondokea juu ya nazi ya yule mpaka huwezi tena kuzitenga. Sinia likijaa ni zito, halichukuliki na mtu mmoja, na lazima lifike kwa wanaokamua tui. Hapo mmoja wao hana budi kusema, "Shika huko." Basi. Neno la kwanza baada ya miezi ya kununiana lilikuwa hilo, na mengine yakafuata.

Mwaka ninaousema, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, walionuniana walikuwa mama yangu na mdogo wake. Huyo mdogo wake, Riziki, aliolewa Kisauni, ng'ambo ya pili ya mji. Bibi yetu, mama yao, alipofariki, Riziki alikuwa na mtoto mgonjwa, akafika maziko yamekwisha. Mama kwa uchungu wake akamwambia mbele ya watu, "Umekuja kama mgeni, basi kaa kama mgeni, uletewe kahawa." Riziki akakaa. Akaletewa kahawa, akainywa yote, akajifunga buibui lake, akaondoka. Hakurudi tena. Wao walikuwa wakubwa na walikuwa na kiburi cha kujisitiri nacho. Mimi niliyekuwa msichana mdogo sikuwa na chochote. Riziki ndiye aliyenifunza kusuka ukili. Binti yake, Saumu, alikuwa rika langu, na kila shule ikifungwa tulilala mkeka mmoja, tukicheka mpaka tunafinywa. Ugomvi ule ulininyang'anya nyumba nzima. Majirani nao hawakuingilia, maana ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini dada yangu Mwanasha alipochumbiwa, mtaa mzima ulipumua. Harusi ina nazi, na nazi zina desturi yake.

Aliyesimamia shughuli za wanawake pale mtaani alikuwa jirani yetu wa makamo, Bi Zuhura, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja akasimama mlangoni, mama akichambua mchele.

"Riziki namwita mie," akasema. "Si wewe. Mie. Aitwa na nazi."

"Mwite umtakaye," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Kwani nazi zina adui?"

Bi Zuhura akanigeukia. "Wamsikia mamako? Huyo ashakubali, ila shingo haijapata habari."

Na kweli alikuwa amekubali. Nilimwona jioni ile akilisugua sinia kubwa kwa jivu, sinia ambalo lilikuwa safi tangu Idi. Halafu akalitafutia mahali pake uani, kwenye kivuli cha ukuta, akaliweka, akalitoa, akaliweka tena. Mimi nilikuwa nikihesabu moyoni mahali Saumu na mimi tutakapotandika mkeka.

Sasa aje Mjomba Athmani. Huyu alikuwa kaka yao wa pekee, fundi mitambo katika kiwanda kimoja Changamwe, na ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akichora kitu kabla ya kukitengeneza. Alichora kwa chaki kwenye sakafu yetu ya saruji, akapiga magoti, akafuta kwa kiganja, akachora tena. Kama nina ubunifu, mbegu yake ni sakafu ile. Na alikuwa akiwapenda dada zake. Alimwona mama akifunga kifundo cha mkono kwa kitambaa kila akitoka kwenye mbuzi, jambo hilo likamkera, akaenda akalifanyia kazi. Siku ya kukuna ilipokaribia alifika na mkokoteni, juu yake kitu kimefunikwa gunia.

"Dada, harusi hii hukuni nazi. Wallahi hukuni hata moja!"

"Ni nini hicho, Athmani? Cherehani?"

"Cherehani ya nazi!"

Ilikuwa mota ya umeme iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, na mbele yake kichwa cha duara chenye meno. Waya ulivutwa kutoka dirisha la jirani aliyekuwa na umeme. Mjomba akaiwasha, ikanguruma, akaibana nazi, na kabla hujamaliza kusema bismillahi kifuu kilikuwa kitupu, cheupe ndani hakuna. Watoto tulipiga vigelegele. Bi Zuhura alikuwa ameziba masikio kwa kanga.

"Na kwa kelele hizi tutasemezana vipi?" akapaza sauti.

"Mtasemezana mkimaliza, Bi Zuhura! Na mtamaliza sasa hivi, mwende zenu mkalale!"

Laiti angeishia hapo. Lakini mtu akibuni kitu hawezi kunyamaza, najua mwenyewe. Kesho yake, wakati mashine inaendelea kumaliza magunia, alirudi uani anang'aa kwa furaha.

"Nimepita Kisauni kwa Riziki," akamwambia mama. "Nimemwambia asijisumbue kuja na mbuzi. Apumzike. Siku ya harusi aje akae, aletewe chakula, ale."

Mkono wa mama ulisimama ndani ya ungo. "Umemwambia aje akae?"

"Aje astarehe kama mgeni wa heshima. Si vizuri?"

"Athmani, ndugu yangu," mama akasema polepole, "Mungu akusamehe." Akaingia ndani.

Mjomba akabaki amenitumbulia macho mimi, mtoto. "Nimefanya nini tena?" Hakuwa na habari. Siku ya lile neno la kahawa yeye na wanaume wenzake walikuwa hawajarudi kutoka makaburini, na hakuna aliyemsimulia. Mkono wa dada yake alikuwa ameupima, nazi alikuwa amezipima, mota alikuwa ameipima. Hakuuliza watu hukaa pale chini kwa ajili ya nini.

Mtaniambia: kwa nini mama asiende Kisauni mwenyewe? Angeweza. Lakini yeye ndiye aliyetamka neno, na kwenda ilikuwa ni kuomba. Desturi ile iliwekwa hasa ili pasiwe na wa kuomba wala wa kuombwa. Nilimkimbilia Bi Zuhura, nikamshika kanga, nikamwambia aende akamwite Riziki, kama alivyosema. Akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Nimwite aje afanye nini, mwanangu? Nazi zishakwisha."

Ningependa kukwambia kwamba mashine iliharibika, au kwamba tui lilikuwa na ladha ya grisi. Haikuharibika. Wali ulikuwa mtamu, samaki wa kupaka wakasifiwa mpaka Mtongwe. Wanawake wa mtaa, wengine waliokuja na mbuzi zao wakakuta uani kunanguruma, walisimama kidogo, wakasema mashaallah, wakarudi makwao. Siku ya harusi walikuja wamevaa, wakakaa kwenye mikeka wanasubiri sahani, wakala, wakashukuru, wakaondoka mapema. Masufuria tuliyaosha sisi wenye nyumba. Mama kila aliposikia hodi aligeuza shingo. Mwanasha alitolewa ndani bila mama yake mdogo ubavuni, na watu wote waliona. Saumu nilikuja kumwona tena tukiwa tumeshaolewa wote wawili, tukasalimiana kama watu waliowahi kukutana mahali.

Mama na Riziki waliishia kushikana mikono misibani, vile watu wanavyoshikana mikono misibani. Mama alikufa hivyo. Baada ya arobaini yake nilikwenda Kisauni, nikakaa na Riziki, mzee tayari, nikamuuliza waziwazi, maana mimi sijui kuzunguka: "Mama mdogo, mbona hukuja ile harusi?"

"Ningeingiaje?" akasema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mie miaka yote ile nililingoja jembe. Athmani alipopiga hodi, mbuzi yangu nilikuwa nimeshaifunga kwenye kanga, nangoja kuitwa, iko pale nyuma ya mlango. Akasimama pale pale kando yake, akaniambia nipumzike."

Mimi si adui wa mashine. Nazi nasaga kwa umeme, kifundo changu nacho kimezeeka. Kinachonikasirisha ni kwamba kosa la Mjomba, ambalo yeye alilifanya mara moja kwa mapenzi, leo limekuwa ndiyo kazi ya watu wenye ofisi. Harusi imekuwa grupu kwenye simu: unatuma mchango, unatuma picha ya ua, chakula kinaletwa na gari, umepumzishwa. Kwa hiyo kila jiko ninalolichora huweka vibenchi viwili vya chini, vinatazamana, na ubao katikati, wa watu wawili kukaa wakamenya vitunguu au wakachambua mbaazi. Wateja wengi huniuliza ni vya nini, nikishawaeleza hutabasamu, na mwaka haujaisha hunipigia simu niende nikaving'oe.

Majuzi ni mama mmoja kijana wa Nyali, mtu mwema, hajanikosea adabu. Alitaka vibenchi vitoke, mahali pale aweke mashine ya kuoshea vyombo.

"Una dada?" nikamuuliza.

"Ninaye, yuko Shanzu hapo."

"Siku mtakayokosana mtakaa wapi?"

Akacheka. "Tulishakosana, Bi. Tangu mwaka juzi. Lakini hakuna shida, tuko grupu moja."

Nikamtazama, nikaona anasema kweli, hana shida. Jiko ni lake. Nikapiga magoti nikaanza kufungua skrubu.